Gurami wa Wifi

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza. Imekuja na upepo, ikapiga mabati ya jirani kama mtu anayemwaga kokoto. Mume wangu yuko kitandani na bandeji ngumu kuanzia pajani hadi kwenye kifundo. Alianguka kutoka kwenye ngazi akifunga taa za ukumbi, na daktari amesema msimu huu wote asifikirie hata kushika bisibisi. Kitanda tumekishusha sebuleni kwa sababu hawezi kupanda ngazi. Sasa amelala pale anatazamana na tangi langu la samaki.

Nasema langu kwa sababu ni langu. Nimelilea tangu tulipohamia nyumba hii. Ndani yuko dume mmoja wa gurami, wa bluu, mwenye madoa mawili meusi ubavuni. Namwita Mwenyekiti kwa jinsi anavyozunguka kila kona akikagua. Majike watatu humpisha anapopita. Kwenye tangi langu kuna amani.

Alhamisi narudi kazini. Duka la miwani haliwezi kunisubiri milele, na hakuna mwingine anayejua kusaga lenzi. Nilimuuliza mume wangu nani atabaki naye mchana.

"Nimempigia dada," akasema.

"Umempigia lini?"

"Juzi."

Juzi. Na mimi naambiwa leo.

Jumatano, 6 Machi

Wifi amefika. Sanduku moja kubwa, mfuko wa nguo, na ndoo yenye kifuniko aliyoibeba mwenyewe, hakutaka hata dereva wa teksi aishike. Kaingia amelowa hadi nywele, akapita mbele yangu, akamwinamia mume wangu na kumwita, "Kijiko! Umejifanyia nini, Kijiko?"

Kijiko! Miaka yote hii ya ndoa sijawahi kulisikia jina hilo. Mume wangu alicheka mpaka machozi. Kumbe utotoni alikuwa akifichwa jikoni na dada yake alambe sufuria.

Kisha akafunua ndoo. "Nimemletea mgonjwa zawadi."

Ndani alikuwa gurami wa rangi ya asali, mzuri, siwezi kukataa. Nikainama kumtazama. Pezi la mgongoni lilikuwa refu, limechongoka. Dume.

"Wifi, huyu ni dume," nikamwambia. "Nami ninaye dume tayari. Hawa ni jamii moja, wametofautiana rangi tu. Hawatapatana."

"Watazoeana," akasema. Na kabla sijaenda kuleta beseni la kumtenga, alikwishammimina. Hakuniomba ruhusa. Tangi langu!

Anamwita Asali.

Alhamisi, 7 Machi

Hawajazoeana.

Jumapili, 10 Machi

Leo nilikuwa nyumbani siku nzima, nikaona kila kitu.

Mwenyekiti hampi Asali nafasi hata ya kuvuta pumzi, na nasema hivyo bila kutia chumvi. Gurami huja juu kugugumia hewa, asipofika juu ya maji anachoka na kufa. Sasa Mwenyekiti amejua. Anakaa palepale chini ya uso wa maji, mapezi ameyatandaza kama shuka, na kila Asali akipanda anamrukia. Asali anarudi chini nyuma ya jiwe, anasubiri, anajaribu kona nyingine. Pezi lake la mkiani limechanika.

Najua la kufanya. Ukihamisha mawe na mimea, kila samaki anapoteza mipaka yake, wanaanza upya. Ukitandaza majani yanayoelea, wanakosa kuonana. Ukimtoa mbabe siku chache ukamrudisha, anarudi kama mgeni. Yote hayo nayajua, na mikono yangu ilikuwa mitupu. Nilikaa kwenye kiti nikanywa chai.

"Wifi," akaniita kutoka upande wa kitanda. Alikuwa akimkanda mume wangu mabega. "Huyo wako mbona ana roho mbaya hivyo?"

"Hana roho mbaya. Yuko kwake."

Mume wangu akanitazama. Yeye ananijua nikisema kwa mafumbo. Wifi naye akaendelea kukanda, polepole.

Jioni nilitupa majani machache juu ya maji. Machache tu.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Nimerudi nimelowa. Chakula kilikuwa tayari, kitamu kuliko changu. Sikumaliza.

Jumamosi, 16 Machi

Dukani tulifunga mapema kwa sababu maji yalikuwa yanaingia chini ya mlango. Nikafika nyumbani wakati hawanitegemei, nikamkuta wifi amekaa kwenye kigoda, mguu wa mume wangu usio na bandeji uko mapajani mwake, anamkata kucha.

Ni jambo dogo. Nikiliandika hapa naona hata mimi ni dogo. Lakini kazi ile ni yangu. Kila akichoka hunisogezea miguu bila kusema neno, nami hujifanya nakasirika, naye hucheka. Leo alikuwa amelegea kichwa nyuma, macho amefumba, anasimuliwa habari za mwalimu wao wa zamani aliyekuwa akisinzia amesimama.

"Karibu, mama," akasema mume wangu.

Karibu! Ananikaribisha nyumbani kwangu.

Nikapitiliza jikoni. Nikapanga upya masufuria yote, kwa sababu wifi alikuwa ameyapanga kwa namna yake.

Jumatano, 20 Machi

Niliporudi leo walikuwa wanacheka hata hawakusikia mlango. Kitanda kimejaa vipande vya plastiki, msumeno mdogo, na kile kifuniko cheupe cha taa ya dari chenye vijitundu ambacho mume wangu alikihifadhi stoo. Wamekikata kikatosha upana wa tangi langu, wakakisimamisha katikati. Upande huu Mwenyekiti na majike, upande ule Asali peke yake. Maji yanapita, samaki hawapiti.

"Unaonaje?" mume wangu akauliza. Uso ulimng'aa. Sijamwona hivyo tangu aanguke. "Mimi nimepima, dada amekata. Fundi ni fundi hata akiwa kitandani."

"Mngenisubiri."

"Tulitaka kukushtukiza."

"Nimeshtuka," nikasema.

Kizuizi ni kizuri. Kimenyooka, kingo zimesuguliwa zisimkwaruze samaki. Nimekitafutia kasoro, sijaiona.

Ijumaa, 22 Machi

Asali anapanda juu, anavuta hewa yake kwa raha. Wifi anamsalimu kila asubuhi kabla hajanisalimu mimi.

Jumatano, 27 Machi

Nilipita kwa muuza samaki wa mapambo baada ya kazi, nikamweleza. Akanijibu waziwazi: tangi la ukubwa huo, dume mmoja. Kizuizi ni cha muda tu, nusu tangi haimtoshi yeyote. "Niletee mmoja, nitamtafutia mwenye tangi."

Nikarudi na habari hiyo mbio, nikaitoa wakati tunakula. Nilisema kwa sauti ya upole niliyoiandaa njiani. "Asali atapata pazuri, wifi. Tangi kubwa, majike wake."

Wifi akaweka kijiko chini. Rangi ilimtoka usoni, nikadhani amepaliwa.

"Kwa nini asiende yule mgomvi?" mume wangu akauliza.

"Mwenyekiti?"

"Ndiye anayepiga wenzake."

"Ndiye aliyekuwa hapa kwanza!" Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Huyu kaletwa bila kuulizwa mtu. Mimi nililijaza lile tangi kwa mikono yangu, ndoo kwa ndoo. Sasa aondoke wa kwangu abaki wa mgeni?"

Sisi watatu sote tulijua hatuzungumzii samaki tu. Wifi akainuka akakusanya sahani, hata yangu ambayo bado ilikuwa na chakula.

Mume wangu akanong'ona, "Mama, ni dada yangu."

"Na mimi ni nani?"

Akageuza uso ukutani, maana kuondoka hawezi.

Jumanne, 2 Aprili

Mwenyekiti anajenga kiota cha mapovu kwenye kona yake. Sasa ndiyo amekuwa mkali kabisa, hata majike anawafukuza. Anajibamiza kwenye kizuizi akimwona Asali. Tumefunga madirisha kwa ajili ya mvua, nyumba nzima inanuka dawa ya kuchua.

Jumamosi, 6 Aprili

Nitaandika kama ilivyotokea.

Asubuhi nilisafisha kioo cha tangi. Ukungu wa kijani ulikuwa umekijaa kizuizi, vijitundu vimeziba. Nikakitoa, nikakiosha jikoni, nikakiegemeza kando ya sinki kikauke. Kifuniko cha tangi nacho nilikuwa nimekiweka pembeni. Wifi alikuwa anafua bafuni. Mume wangu amesinzia.

Nikaanza kukata vitunguu.

Nikasikia maji yakichapwa, chwap. Nikasimamisha kisu. Nilijua ni nini. Kizuizi kilikuwa pale mbele yangu, kimekauka zamani, na kutoka sinki hadi kwenye tangi ni hatua za mtoto. Nikasema moyoni, ngoja nimalize hiki kitunguu. Nikamaliza. Nikachukua kingine. Chwap, chwap. Nikawa nasema, acha wajuane. Nikasema, labda leo wifi ataelewa. Macho yalikuwa yananitoka machozi, na vitunguu vilinipa sababu.

Halafu kelele. Wifi.

Nikakimbia. Mwenyekiti alikuwa peke yake juu ya maji, ametanda. Sakafu imelowa. Asali alikuwa ameruka nje, akajipigapiga hadi akaingia chini ya kitanda, na wifi amelala kifudifudi anajaribu kumfikia, mkono haufiki. Mume wangu ameamka, anataka kushuka na mguu wake ule.

"Usishuke!" nikampigia kelele. Nikalowesha mikono kwenye tangi, nikajiburuta chini ya kitanda katikati ya vumbi na viatu. Nikamwona karibu na ukuta. Alikuwa amejaa uchafu, amelala ubavu, mdomo unafunguka na kufungika. Gurami huweza kuvuta hewa kidogo nje ya maji akiwa bado na unyevu. Nilimchota kwa viganja viwili, nikatoka kinyumenyume, nikamweka kwenye ndoo yenye maji machache ili asipate shida kufika juu.

Akalala chini. Tukasubiri. Halafu akapanda, upande mmoja, kama mlevi, akavuta hewa.

Hapo ndipo wifi alipoanza kulia. Hakulia kama mtu anayemlilia samaki. Alikaa sakafuni kwenye maji, gauni limeloa, akalia kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwa mtu mzima. Mume wangu akawa anamwita, "Dada, dada, amepona, mtazame." Hakusikia. Nikamshika mkono nikampeleka jikoni, nikafunga mlango.

"Si zawadi," akasema.

"Nini?"

"Asali. Si zawadi. Ni wangu." Akajifuta uso kwa kiwiko. "Nilikuwa na tangi, wifi, kubwa kuliko lako. Mume wangu, shemeji yako, kamleta mwanamke nyumbani. Kanikusanyia nguo, kaniwekea sanduku barazani, mvua inaninyeshea. Nikamwambia naomba kitu kimoja. Nikaingia na ndoo. Ni huyu tu niliyemkamata, wengine walijificha, na yule mwanamke amesimama mlangoni ananihesabia muda. Kijiko aliponipigia simu nilikuwa kwa rafiki, nalala kwenye kochi. Nikasema asante Mungu, nimepata pa kwenda bila kuomba."

Nilikuwa nimeshika kitambaa cha vyombo. Nilikikunja, nikakikunjua.

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Uliponifungulia mlango nilikuona macho yako. Ningekuambia sina kwangu, ungeniona mimi ni mzigo. Afadhali uone nimekuja kusaidia." Kisha akanishika mkono. "Kijiko asijue. Atataka kwenda kupigana, na mguu wake ule."

Nikakubali. Kizuizi kilikuwa palepale kando ya sinki, nyuma ya mgongo wake.

Jumapili, 7 Aprili

Sikuweza kula. Nilimfuata uani alipokuwa anaanika nguo chini ya kipenu, nikamwambia.

"Wifi, jana kizuizi nilikitoa mimi."

"Najua. Ulikiosha."

"Kilikuwa kimekauka. Niliwasikia wanapigana. Nikaendelea kukata vitunguu."

Akabaki ameshika shati la mume wangu kwa mabega, kama amemshika mwenyewe. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimeandaa hata cha kujibu, kwamba nilichoka kuwa mgeni kwangu, kwamba mume wangu anacheka naye kuliko anavyocheka nami. Maneno yote yale, mbele ya uso wake, yalinishuka kama uji mwepesi.

"Ulikuwa unaniona kama yule mwanamke," akasema. "Niliyeingia kwako."

Hakuuliza. Alilisema tu. Akalianika shati, akaingia ndani.

Jumamosi, 13 Aprili

Hanisemeshi. Anapika, anaosha, anamhudumia ndugu yake. Nikiingia, anatoka. Asali yuko kwenye beseni dirishani, amepoteza magamba upande mmoja.

Jumatano, 17 Aprili

Mume wangu amechoka na ukimya wetu. "Nyie wawili mna nini? Nimefungwa hapa kama ng'ombe, naona mnapishana tu."

Wifi akaniangalia. Nikasubiri aniumbue, haki yake. Badala yake akavuta kigoda, akamwambia ndugu yake habari ya ndoa yake yote, tangu mwanzo hadi sanduku barazani. Mume wangu akaomba simu. Akaomba magongo. Akasema atakwenda hata kwa kutambaa.

"Kijiko, tulia," wifi akasema. Akatulia. Kisha akaweka kichwa begani mwa dada yake akalia, mwanamume mzima.

Nilisimama pembeni na trei ya chai. Nitasema kweli kwa kuwa naandika mwenyewe: iliniuma tena. Hata pale. Begani kwangu hajawahi kulia. Lakini safari hii niliweka trei mezani, nikamimina vikombe vitatu, nikakaa nao.

Neno la vitunguu wifi hakulitoa.

Jumapili, 28 Aprili

Mvua imepungua, inakuja jioni tu. Ijumaa nilikwenda tena kwa muuza samaki. Alikuwa na tangi kuukuu lililotupwa nyuma ya duka, linavuja kona moja. Nikalichukua, nikalibeba kwenye toroli ya jirani.

"La nini?" mume wangu akauliza.

"La Asali."

Mume wangu alilikwangua kona, akalipaka gundi ya silikoni, amekaa kitandani na gazeti mapajani. Tukaliacha likauke. Leo tumelijaza. Meza yangu ya kushonea imehamia chumbani ili lipate mahali, ng'ambo ya sebule, mahali ambapo Mwenyekiti hawezi kuliona. Nilikata nusu ya mimea yangu nikampa wifi, pamoja na jike mmoja yule mnene.

Tulikuwa tunapanda mimea, mikono yote minne ndani ya maji. Jike akampita Asali, akamsukuma kwa ubavu, Asali akarudi nyuma kwa adabu zote.

"Mtazame," wifi akasema. "Naye amepata wa kumtawala."

Nikacheka, naye akacheka. Ni sauti yake ya kwanza kwangu tangu siku ile. Baadaye akasema, huku anafuta mikono, "Sijakusamehe bado."

"Najua."

"Lakini chumvi umezidisha leo kwenye mchuzi, nimekuhurumia."

Jumapili, 12 Mei

Mume wangu ametembea na magongo hadi mlangoni, akasimama kulitazama jua kama mtu aliyelikosea. Kwenye chakula wifi akatangaza kwamba amepata kazi kwenye jiko la shule, na chumba mtaa wa pili, chenye dirisha. Anahama Jumamosi. Tangi la Asali atakwenda nalo.

Hiki ndicho nilichokiomba tangu alipofika. Nikasema hongera. Nikaenda jikoni, nikasimama mbele ya masufuria aliyoyapanga kwa namna yake. Sikuyagusa.

Jumatano, 22 Mei

Nyumba imepoa. Mume wangu anasikiliza redio.

Jumapili, 26 Mei

Leo nilikwenda kumwona. Nilibeba majani yanayoelea kwenye mfuko wa maji, maana Asali anayapenda, na njiani nilikuwa napanga mambo ya kumsimulia: kuhusu mteja aliyevaa miwani juu chini wiki nzima, kuhusu Mwenyekiti na kiota kipya. Nilikuwa natembea haraka. Nilishangaa mwenyewe.

Mlango ulikuwa wazi. Kabla sijapiga hodi nikasikia kicheko cha wifi, kile cha kutoka tumboni. Nikachungulia. Mwanamke wa chumba jirani, sijawahi kumwona, kakunja mikono ya gauni, mkono wake uko ndani ya tangi la Asali hadi kiwikoni. Anapanda mmea. Wifi yuko pembeni yake, wamegusana mabega, anamsimulia habari ya yule mwalimu aliyesinzia amesimama.

Damu ikanichemka. Kabisa. Nikasimama pale na mfuko wangu wa majani nikimtazama yule mwanamke, jinsi alivyokuwa anaufukia mmea hadi shingoni, utaoza huo, na wifi anamwachia tu.

"Hodi," nikasema, kwa sauti isiyo na hodi ndani yake.

Wifi akageuka. Akanitazama uso, akausoma wote kama ubao wa daktari wa macho, na nikaona mdomo wake unajizuia kucheka.

"Karibu, wifi. Nilidhani umenitupa."

"Mmea huo haupandwi hivyo," nikasema.

Nikavua viatu, nikakunja mikono ya blauzi, nikaenda nikakaa katikati yao.